Mwenye Fimbo Siye Mwenye Ng'ombe



Mfugaji wa Hirbadaw, kule Hanang, akitaka kumjua mwenye kundi hamtazami aliyeshika fimbo ya kuchungia. Huuliza: nani mwenye kauli ya kuuza ng'ombe? Kwa swali hilo ndivyo hupimwa serikali za vibaraka.

Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Mamia waliuawa au kujeruhiwa. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti bila idhini ya Waingereza, alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Siku hiyo hiyo akatawazwa Seyyid Hamoud bin Mohammed. Bendera na jina la Sultani vilibaki. Kauli ilikuwa ya Mwingereza.

Januari 2025, M23 waliteka Goma, na mwezi uliofuata wakaweka gavana wao. Kinshasa yasema bwana wao ni Rwanda, Kigali yakana. Mwananchi wa Goma atazame mambo mawili: ushuru wake unaishia wapi, na gavana huyo anaweza kuondolewa na nani? Kama si na wananchi, basi hao si aliowekwa kuwatumikia.