Mkono wa Kufumba na Mkono wa Kukunjua



Mimi ni moniteri wa kilimo. Masomo yangu yaliishia darasa la sita katika shule ya misioni, mwaka 2012. Basi nikisimama kusema juu ya feza mbele ya watu walioniona nikichunga mbuzi, labda mtacheka: mtoto huyu amepata feza wapi hata atufundishe? Mna haki. Feza sina nyingi. Lakini kazi yangu ni kuzunguka milimani na kuingia katika nyua za watu, na mwenye kuingia nyua nyingi huona jinsi mali inavyotunzwa na jinsi inavyotupwa. Tena mambo mengine niliyaona nyumbani kwetu. Hayo nayo nitayasema.

Tuanze na maharagi. Yaliyopandwa mwezi wa tisa tunayavuna mwezi wa kwanza; yaliyopandwa mwezi wa pili au wa tatu tunayavuna mwezi wa sita. Siku za mavuno kila mtu anauza, soko linajaa, bei inaanguka. Siku za kupanda kila mtu anatafuta mbegu, bei inapanda. Mnayajua haya kuliko mimi. Hata hivyo kila mwaka naona mtu anauza beseni lake la mwisho mwezi wa sita, na mwezi wa tisa anakwenda kwa jirani kukopa mbegu, naye jirani hakopeshi bure.

Tuseme umevuna mabeseni manane. Mawili ni ya mbegu: yakaushe vema, yachanganye na majivu juu ya wadudu, yaweke mahali pakavu, wala usiyahesabu tena kama chakula. Manne ni ya kula. Yanabaki mawili ya kuuza. Feza ya mabeseni hayo mawili ndiyo maneno yangu ya leo. Maana ile ya mbegu na ya chakula haina mashauri marefu, tumbo lenyewe linashauri. Lakini ile inayobaki mkononi inaonyesha mtu anapenda nini.

Watu wengi hufikiri wako watu wa namna mbili tu: mwenye kutunza, ndiye mwenye akili, na mwenye kutumia, ndiye mjinga. Mimi pia nilifikiri hivyo. Sasa sifikiri hivyo tena.

Yule mjinga tunamjua sote, maana tunakaa karibu na dhahabu. Mlima wa Twangiza ulichimbwa na mikono ya watu wetu miaka mingi. Kisha ikaja kampuni ya Banro, na mwaka 2012 mgodi wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuanza kutoa dhahabu. Watu wakahamishwa, wengine wakapelekwa kukaa Cinjira, kule juu kwenye baridi. Mwaka 2019 kampuni hiyo ikasimamisha kazi pale. Katika miaka hiyo yote feza iliingia na feza ilitoka. Mnawajua vijana wanaotoka shimoni na feza ya juma moja inayopita feza ya mkulima ya mwaka mzima, na kesho kutwa wanakopa chumvi. Wengine husema: feza ya dhahabu ni ya moto, haikai. Mimi sisemi dhahabu ni mbaya. Kaka zangu wawili wanachimba, na bati la nyumba ya mama yetu limetoka huko. Lakini feza haina moto. Ya dhahabu na ya maharagi ni karatasi ileile. Tofauti ni hii: feza ya dhahabu ilifika kabla haijapewa jina. Kijana hakujua itakuwa ya nini. Basi yeyote aliyetangulia kuiita, ikamwitikia: muuza pombe, muuza simu, rafiki wa siku ile.

Huyo ni mmoja. Sasa nitawaambia juu ya yule wa pili, mwenye kutunza. Ni baba yangu.

Baba hakuwa mlevi. Kasiksi alikunywa kwenye arusi tu. Feza yake aliiweka katika mkebe wa maziwa chini ya kitanda, na sisi watoto tulijua sauti ya mkebe ule kuliko sauti ya kengele. Alikuwa na neno moja moyoni: shamba la kalinzi. Wageni wakisoma karatasi hii labda hawajui, basi nieleze kidogo. Kwetu Bushi, bwasa ni shamba la kukodi kwa majira au kwa mwaka. Unapanda maharagi, mihogo labda, unavuna, unaondoka. Huwezi kupanda migomba wala kahawa wala miti, maana mti unakaa, na wewe hukai. Kalinzi ni kitu kingine. Mtu anatoa ng'ombe, au mali inayolingana na ng'ombe, kwa mwami au kwa mwenye kilima, naye anapata shamba ambalo watoto wake watarithi. Ni kweli sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Lakini kalinzi haikuisha milimani, na mtu asiye na kalinzi hutembea kwetu kama mgeni. Baba alilima bwasa miaka yote ya ujana wake. Kwa hiyo msidhani nasema alikosea kutaka shamba. Hakukosea.

Mwaka 2017 dada yetu alimaliza darasa la sita. Alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Siku zile hata masomo ya chini yalilipiwa. Yalifanywa bure katika shule za Serikali mwezi wa tisa mwaka 2019 tu, na masomo ya sekondari hayakuwamo. Dada akaomba minervali ya sekondari. Baba akasema: ngoja, shamba kwanza. Mwaka wa pili akaomba tena. Ngoja. Mwaka wa tatu hakuomba. Mwaka 2020 baba alipata shamba lake, zuri kabisa, karibu na maji. Mwaka uleule dada aliolewa, akiwa na miaka kumi na sita. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake wanalala katika ua wetu.

Labda utasema: masikini hana feza ya mambo mawili, baba yako angefanyaje? Nami nilisema hivyo miaka mingi. Lakini siku moja nilikaa nikahesabu. Baba alifumba mkono juu ya vitu vyote sawasawa. Chumvi, sabuni, jembe, dawa, daftari. Jembe letu liliisha hata likawa kama kiganja, tukalima siku sita kazi ya siku tatu, na siku tatu zile zilipotea bure kila juma la kulima. Kwake sabuni na masomo vilikuwa kitu kimoja: vyote viwili ni feza inayotoka. Angeuza mbuzi wawili kila mwaka, shamba lingechelewa mwaka mmoja, labda miwili. Shamba linaweza kuchelewa. Lile jambo hakulipima, kwa sababu hakumwuliza mtu. Mama alijua. Hakuulizwa.

Basi mtunzaji naye anaweza kupoteza, tena anapoteza polepole, na watu wanamsifu.

Nilirithi akili ileile ya mkebe. Nilipoanza kazi hii nilikuwa mkali kwa watu. Katika kilima kimoja yuko mama mjane, mwenye shamba dogo na dende wengi, wale wanyama ambao Waswahili wa mahali pengine huwaita simbilisi. Siku moja nilifika kwake nikakuta amechinja mbuzi. Majirani wamekaa uani, wanakula. Nikamwuliza kuna arusi gani. Akasema ni siku ya kumkumbuka marehemu mume wake. Nikamwambia, mbele ya watu: mama, mbuzi huyu angelipa mbegu na minervali, nawe unamla kwa siku moja? Aliniangalia, akasema taratibu: mwanangu, umehesabu mbuzi. Hukuhesabu siku nilizokula sombe bila chumvi.

Nikanyamaza. Baadaye aliniita jikoni akanieleza. Minervali ya mtoto wake ilikuwa imelipwa tangu mwanzo wa mwaka, kwa feza ya dende. Mbegu zilikuwa juu ya dari. Kitenge alikuwa nacho kimoja, alikivaa kanisani na sokoni miaka mitano. Simu hana. Mambo ambayo moyo wake uliyataka yalikuwa mawili tu: mtoto asome, na mume wake asisahauliwe na kilima. Kwa mambo hayo mawili alikunjua mkono bila kusitasita. Kwa mengine yote alikuwa mkavu kama jiwe. Mimi nilikuja na kipimo changu, nikataka kumpimia moyo wake. Nilimwomba msamaha, lakini si mbele ya watu wale, na jambo hilo bado linaniuma.

Sasa tazameni vyama vyetu vya kuweka feza, maana humo neno hili limekwisha kufanyiwa kazi. Likirimba mnaijua: kila mtu analeta, mmoja anabeba zote, juma lingine mwenziwe. Katika MUSO yako makasha matatu. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la msaada kwa mwenye ugonjwa au msiba, wala feza yake hairudishwi. La bluu ni la feza inayotoka nje ya kikundi. Angalieni vema: feza imepewa jina na rangi kabla taabu haijaja. Mtu akifiwa, hakuna mabishano, kasha lake liko. Kuna na AVEC, yenye sanduku moja na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Namna hiyo ilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, kisha ikatembea hata ikafika kwetu.

Lakini AVEC ina siku moja ya hatari: siku ya kugawana mwisho wa mwaka. Nimeona watu walioweka akiba juma kwa juma, bila kukosa hata mara moja, wakarudi nyumbani siku ile kama wachimbaji waliotoka shimoni. Walijua kuweka. Hawakujua wanawekea nini. Ikiwa wewe ni katibu wa kikundi, fanya hivi: mwezi mmoja kabla ya kugawana, uliza kila mmoja feza yake itaitwa nani, na uandike katika daftari. Hutamzuia kuitumia vingine, ni mali yake. Lakini neno lililosemwa mbele ya wenzake lina nguvu.

Mwingine ataniuliza: tuweke wapi? Sina jibu kamili. Mwezi wa pili mwaka 2025, M23 walipoingia Bukavu, benki za mjini zilifunga, na watu wenye feza humo walikosa ya kununua unga. Mkebe una panya na wezi. Ng'ombe ana ugonjwa, tena ana miguu, anaweza kuongozwa na mtu asiye wako. Kwa hiyo usiweke vyote mahali pamoja. Lakini naona mali ambayo haikuibwa mwaka ule ni ile iliyokuwa imekwisha kugeuka: samadi iliyo shambani, bati lililo juu ya nyumba, darasa ambalo mtoto amekwisha kulipita.

Basi kabla ya mavuno, kaa jioni na watu wa nyumba yako. Mke aseme. Watoto wakubwa waseme. Usiwe wa kwanza wewe baba, maana ukisema kwanza wengine watakuitikia tu. Chagueni jambo moja, au mawili, yasipite. Halafu tafuteni mtafumba mkono wapi: unite za simu, pombe ya jioni, kitenge kipya kwa kila arusi. Juu ya michango najua ni vigumu. Mtu hawezi kukaa kilimani bila kuchangia. Kwangu nimekata hivi: msiba nachangia siku zote, karamu nachangia za ndugu na jirani wa karibu, nyingine naleta miguu yangu na mikono yangu ya kubeba maji. Wengine wamenuna. Wengine wamezoea.

Tena nunua jembe. Kununua jembe si kutupa feza.

Mwaka huu, kabla ya mavuno ya mwezi wa sita, baba alituita jikoni sote, na mama akakaa kwenye kigoda karibu naye. Aliuliza, kisha akanyamaza mpaka wote tuliposema. Mwezi wa tisa mdogo wetu wa mwisho, msichana, alianza mwaka wa kwanza wa sekondari. Mbuzi wawili waliuzwa. Juu ya dada yetu mkubwa baba hajasema neno, nasi hatumwulizi. Lakini alipokuja kututembelea na mtoto wake, baba alimpeleka shambani, akamwonyesha mstari wa migomba ulio upande wa maji, akamwambia matunda ya mstari ule ni ya kwake.