Tuelewane na mlezi kabla ya kumwachia mtoto

Kila alfajiri, kabla daladala hazijajaa, akina mama wa Manzese, Buguruni, Tandika na Mbagala hupita vichochoroni wakiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa nguo zake mkononi. Wanakwenda kwa mama wa jirani, ambaye sebule yake mchana hugeuka kituo cha kulelea watoto. Mmoja anawahi kuuza Kariakoo, mwingine kiwandani Chang'ombe, mwingine ofisini Posta. Jioni wote wanarudi na swali moja: mwanangu ameshindaje?

Leo nataka tumzungumzie huyo anayeulizwa.

Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi, shangazi au binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini. Mjini siku hizi bibi mwenyewe yuko gengeni anauza nyanya, na binti yuko shuleni, nayo ni haki yake. Pengo limezibwa na mama wa jirani, kwa malipo ya kutwa. Tatizo ni kwamba tumempelekea watoto bila kwanza kukaa naye kitako tukaelewana.

Matokeo yake kila mzazi anakuja na yake. Mtoto ale ashibe, ingawa uji aliokuja nao haujazi kikombe. Alale mchana, lakini asilale sana akasumbua usiku. Acheze, ila nguo zisichafuke. Ajue a, e, i, o, u, na bado hajaacha kujikojolea. Akirudi na mkwaruzo, maneno yanafika hadi bombani. Na mzazi huyo huyo aliyeahidi kurudi saa kumi na moja hutokea saa mbili usiku, analaumu foleni, na malipo ya leo yanakuwa ya kesho. Wengine humleta mtoto na homa, wameshamnywesha dawa ya kushusha joto ili mlezi asigundue. Ikifika saa nne dawa imeisha nguvu, mtoto anachemka, na simu ya mama haipatikani.

Wapo wanaosema: si analipwa? Avumilie. Mimi siafiki. Mlezi anayeogopa kumwambia mzazi ukweli ni hatari kwa mtoto. Akijua atagombezwa kwa sababu mtoto amelia, atatafuta njia ya kumnyamazisha, na iliyo karibu ni dawa ya kikohozi inayoleta usingizi. Akijua mkwaruzo utamletea matusi, ataficha hata mtoto akianguka na kugonga kichwa. Asipolipwa, atapokea watoto kumi mahali pa wanne, na mmoja atalifikia jiko la mkaa au ndoo ya maji kabla yeye hajageuka.

Simtetei mlezi mzembe. Mzazi ana haki ya kuhesabu watoto waliopo, kuangalia jiko, choo na maji viko wapi, na kupita siku moja mchana bila taarifa. Mlezi mwema hatachukia. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe. Ambaye watoto wamemzidia idadi amfuate afisa ustawi wa jamii, asimkimbie.

Waajiri nao wasijifiche. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Likizo inakwisha mtoto hajafika hata miezi 3. Sheria hiyo inaruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini kutoka Posta hadi Mbagala na kurudi, saa hizo zinaishia barabarani. Mama lishe na muuza mitumba hawana hata likizo. Kwa hiyo mlezi anaachiwa kichanga, kisha analaumiwa kwa nini hakiongezeki uzito.

Dawa ya haya haina gharama. Siku ya kwanza kaeni chini mkubaliane: saa ya kuleta na ya kuchukua, na ukichelewa unaongeza kiasi gani, chakula analeta nani, mtoto akiugua aitwe nani, na huyo asipopatikana, nani mwingine, nani ana ruhusa ya kumchukua, malipo ni lini. Andikeni kwenye daftari, kila mtu awe na nakala yake.

Wewe mlezi, usiloliweza liseme mapema. "Dada, mimi nalea tu, kusoma sifundishi" ni kauli ya heshima kuliko ahadi ya uongo. Na kila jioni sema mtoto alikula nini, alilala kiasi gani, alianguka wapi. Nawe mzazi, pokea taarifa hiyo bila kukaripia, la sivyo kesho hutaambiwa.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo tumemgawia mwenzetu. Basi kesho asubuhi, kabla hujakimbilia daladala, muulize ni siku gani ana nafasi mkae mzungumze.