Chujio la Vumbi katika Kompyuta ya Mezani

Ndugu wateja wa Mwanza,

Wenye steshenari hutuuliza iwapo kasha la kompyuta lenye chujio la vumbi linastahili bei yake ya ziada. Kwa mji huu twasema linastahili, mradi chujio liwe la kuchomolewa na kuoshwa.

Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi la barabara za udongo hupanda hadi mezani. Ziwa nalo lina mambo yake. Vile vijidudu vinavyoinuka majini mithili ya wingu la moshi hufuata taa usiku. Feni huvivuta ndani, vikagandamana na vumbi juu ya kipozeo. Joto likikosa pa kutokea, mashine hupunguza kasi, hatimaye hujizima, pengine mteja akiwa anasubiri barua yake ya maombi ya kazi.

Chujio huzuia sehemu kubwa ya uchafu huo. Lakini likiziba huinyima feni hewa, na hapo ni afadhali lisingekuwepo. Kiangazi lioshwe kila baada ya wiki mbili, likauke kabisa ndipo lirudishwe.

Muuzaji akidai kwamba vumbi halitaingia kamwe, msimsadiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Takeni risiti na muitunze.

Mwenye kasha la zamani hana haja ya kununua jipya. Wavu mwembamba ukibandikwa mbele ya feni inayoingiza hewa, na mashine ikaondolewa sakafuni, utamfaa.