Gari Analopanda Askari Wetu

Msikilizaji wa Rungwa, wa Itigi, wa Manyoni, mkoani Singida, na popote unaponisikia, leo nataka tuzungumze juu ya magari ya deraya, yale wanayopanda askari wanapopelekwa kwenye barabara zilizotegwa mabomu. Wapo watakaosema mambo ya jeshi waachiwe wanajeshi. Sikubaliani nao. Wanaopanda magari hayo ni vijana waliosoma shule zetu za kata, wakaenda JKT, wakachukuliwa jeshini, na siku moja wakajikuta Darfur ya Sudan au Kivu ya Kongo. Mzazi wao anayo haki ya kuuliza mwanawe amepanda gari gani.

Nianze kwa jirani. Desemba 2021 kampuni ya Katmerciler ya Uturuki ilitangaza kwamba imesaini mkataba wa kuiuzia Kenya magari 118 ya deraya aina ya Hızır, kwa thamani ya dola za Marekani milioni 91 hivi. Ukigawa fedha hizo kwa idadi ya magari, unapata karibu dola 775,000 kwa gari moja. Ni fedha nyingi mno. Lakini Kenya ilikuwa imeshalipa gharama nyingine, kubwa kuliko hiyo. Tangu jeshi lake livuke mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, wapiganaji wa al-Shabaab wamekuwa wakifukia mabomu kwenye barabara za vumbi za Lamu, Garissa na Mandera, na askari na polisi wengi wamekufa wakiwa ndani ya magari ambayo chini yake hapakuwa na kinga ya maana.

Siri ya gari kama Hızır iko tumboni mwake. Bati la chini limekunjwa kwa umbo la herufi V, na gari lenyewe limenyanyuliwa juu ya ardhi. Bomu likilipuka, nguvu yake haikutani na sakafu bapa ikaipasua. Inateleza pembeni, kama mvua inavyoteremka pande mbili za paa. Viti navyo havikazwi sakafuni bali huning'inizwa, ili mtikisiko usimvunje askari uti wa mgongo. Kiwango cha kinga hupimwa kwa kilo za baruti. Katika vipimo vya nchi za NATO, kiwango cha tatu ni bomu la kilo 8, cha nne ni kilo 10, na kuna tofauti kati ya bomu lililolipuka chini ya gurudumu na lililolipuka katikati ya gari. Mnunuzi makini anauliza mpaka hapo.

Umbo hilo la V lina historia inayopita karibu na nyumbani kwetu. Liliendelezwa miaka ya 1970 Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu, kwa sababu wapigania uhuru walikuwa wakizitega mabomu barabara zao. Gari la Casspir lililosumbua Namibia lilitokana na hofu hiyo. Na wapiganaji wa kwanza wa SWAPO ya Namibia walipitia kambi ya Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma. ZANU wa Rhodesia walikuwa Mgagao, Iringa. FRELIMO wa Msumbiji walikuwa Nachingwea. Tanzania ilijua habari ya bomu la ardhini, kwa upande wa anayelitega, kabla ya wengi wanaotuuzia kinga leo.

Waturuki waliingia katika kazi ya kutengeneza silaha kwa kulazimika. Baada ya jeshi lao kuingia Cyprus mwaka 1974, Marekani iliwawekea vikwazo vya silaha kuanzia 1975 hadi 1978, wakajifunza kwamba anayekuuzia anaweza pia kukunyima. Baadaye mabomu ya wapiganaji wa Kikurdi wa PKK kusini mashariki mwa nchi yao yakawasukuma kuunda gari la Kirpi, linalotengenezwa na kampuni ya BMC. Uturuki, ambayo tangu 2017 ina kambi ya kufundisha wanajeshi wa Somalia mjini Mogadishu, imewapa pia magari hayo ya Kirpi.

Hata hivyo, chuma kina mwisho wake. Karibu na mji wa al-Bab, Syria, Desemba 2016, Uturuki ilipoteza vifaru vyake vya Leopard, ambavyo ni vizito kuliko Kirpi kwa mbali, kwa makombora yaliyorushwa kutoka mbali na wapiganaji wa miguu. Ukraine nayo ilipata Kirpi, na huko ndege ndogo zisizo na rubani, za bei ya pikipiki au pungufu, zimeyachoma. Gari lililoundwa kuhimili bomu la chini halikuundwa kwa ajili ya linalotoka juu. Na uzito wenyewe ni mtihani: dereva yeyote wa lori anayekuja Rungwa wakati wa kifuku anajua mbuga inavyolimeza gari la tani 16. Gari la deraya lililokwama kwenye tope halimkingi mtu.

Sasa nije kwa walio wetu. Tarehe 13 Julai 2013 msafara wa walinda amani ulishambuliwa kwa kuviziwa Darfur Kusini, wakafa Watanzania 7. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF waliivamia kambi ya walinda amani ya Semuliki, wilaya ya Beni, Kongo, wakaua wanajeshi wetu 15 na kujeruhi zaidi ya 40. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada wala kuwaokoa, na kwamba kikosi kilikosa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Aprili 2024 kombora liliua Watanzania 3 wa kikosi cha SADC karibu na Sake, huko huko Kongo, na Januari 2025, mji wa Goma ulipokuwa unaanguka mikononi mwa waasi, tukapoteza wengine 2. Majeneza yale yote yalipokewa kwa heshima. Heshima ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kabla ya safari.

Ndiyo maana siungi mkono Tanzania kununua magari haya kwa kuangalia picha za maonyesho. Mwaka 2009 jeshi la Uturuki lenyewe liliagiza Kirpi 468. Kampuni ya BMC ikaishiwa fedha, uzalishaji ukasimama, na mwaka 2013 mfuko wa serikali ukaitwaa. Ikiwa nchi yenye kiwanda ilikwama hivyo, mteja wa mbali atakuwaje? Injini za mengi ya magari haya ni za Cummins, kampuni ya Marekani, kwa hiyo ukinunua Uturuki bado unategemea Washington. Kifaru chao cha Altay kilichelewa miaka kwa kukosa injini ya Ujerumani, mpaka wakaenda Korea Kusini.

Na kuna jambo la hesabu. Umoja wa Mataifa huilipa nchi kwa kila gari inalopeleka kwenye ulinzi wa amani, lakini wakaguzi wake hulitazama, na gari bovu halilipwi. Vipuri na mafundi, basi, vinaokoa maisha na pia vinarudisha fedha. Sisi tunalo shirika la Nyumbu, Kibaha, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, ambalo kazi yake ni teknolojia ya magari. Mkataba wowote usioipa Nyumbu mafunzo, michoro na karakana ya kulitengeneza gari hilo hapa hapa ni mkataba nusu.

Urafiki wetu na Uturuki ni mzuri. Rais Samia alikwenda Ankara Aprili 2024, na watu wa Itigi wanaijua kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi kwa reli inayopita kwao. Urafiki huo uwe sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Waheshimiwa wabunge wetu wa Singida, mkutano wa bajeti hufanyika Dodoma, mwendo wa saa chache tu kutoka Manyoni. Kiasi cha silaha zetu kibaki siri ya jeshi, hilo tunalielewa. Lakini iulizeni Wizara ya Ulinzi jambo moja, na msikae mpaka lijibiwe: kabla kikosi kingine hakijapanda ndege kwenda ulinzi wa amani, je, kila askari ana nafasi ndani ya gari linalohimili bomu, na fundi wa kulitunza yupo?