Mamba hakununua tiketi: tuongee juu ya ajali ya Bandundu



Tunajua vizuri: ukitaja Bandundu na mamba, watu wanaanza kucheka. Leo tunaomba tusicheke kwanza.

Tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2010, ndege ndogo aina ya L-410 ilitoka Kinshasa, ikapitia viwanja vya ndani, na ilipokaribia kutua Bandundu ikaangukia nyumba. Ndani kulikuwa watu 21. Alipona mmoja tu.

Kwanza walisema mafuta yaliisha. Kisha yule aliyepona akaeleza: abiria alificha mamba ndani ya mfuko, mamba akatoka, mhudumu akakimbilia mbele kwa marubani, na abiria wakamfuata. Magazeti ya dunia nzima yakashika mamba. Watu 20 waliokufa wakasahauliwa palepale.

Bon, tuseme ni hivyo. Mamba alinunua tiketi? Nani alipokea ule mfuko? Nani aliufungua kuangalia? Kama mfuko unapita hivihivi, leo ni mamba, kesho ni bidoni ya petroli.

Sisi tuko na diploma na hatuna kazi, kwa hiyo muda wa kusoma tunao. Tukasoma namna ndege inasimama hewani. Ndege ndogo ni kama pirogi: uzito uko na mahali pake. Watu wote wakihamia mbele, pua inainama, na mkia unaweza kushindwa kuinyanyua. Ikiwa juu sana, rubani anaweza kupata nafasi ya kuirudisha. Wakati wa kutua mwendo umepunguzwa na udongo uko karibu, nafasi hiyo hana. Ndiyo maana mizigo inapimwa na kufungwa kamba, na abiria anafunga mkaba. Mtu asiyefanya kazi hiyo chini anamwachia rubani deni huko juu.

Na msituambie raia aache kupanda. Muulize mama wa Shabunda, barabara yake iko wapi? Anapanda ndege ndogo Kavumu pamoja na magunia na jerikani, juu hana njia ingine. Yeye hapendi hatari kuliko sisi.

Miezi 4 baada ya Bandundu, tarehe 31 Desemba 2010, inchi yetu ilipata sheria namba 10/014 juu ya usafiri wa anga. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunataka mzani unaofanya kazi kwenye kila kiwanja, hata kile cha udongo. Tunataka kila ripoti ya ajali iwekwe mahali raia anaweza kuisoma, na kwa lugha anayosikia, si Kifaransa cha ofisi peke yake.

Wewe unayesafiri wiki hii: mbele ya kupanda, uliza mzani uko wapi. Wakikujibu vibaya, andika tarehe, kiwanja na jibu lenyewe, utuletee.