SANGARI IMEPIGWA DAWA, MBONA HAIFI?

(Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima)

Leo tuzungumze juu ya sangari, maana kila ninakopita naulizwa: "Bwana Shamba, nimepiga dawa, mbona majani yamerudi? Nimeuziwa ya bandia?"

Dawa za bandia zipo, sikatai. Lakini juzi nilikwenda kwa mzee mmoja, dawa yake ilikuwa halali kabisa. Nikaomba maji aliyochanganyia. Ya kisima. Nikanawa kwa kipande cha sabuni: povu hakuna, utando mweupe tu. Basi, jibu nikalipata hapo.

Maji ya namna hiyo yana chokaa nyingi. Glaifoseti ikiingia humo, hushikamana na chokaa. Ikishikamana haipenyi vizuri kwenye jani, wala haifiki kwenye vile vishina vinavyotambaa chini ya udongo. Juu panakauka, chini pazima. Siku si nyingi shamba ni kijani tena, na fedha imekwenda. Maji ya matope nayo ni hayo hayo: udongo huishika dawa.

Tufanyeje? Chukua S.A., mbolea ile ile mnayoijua. Pima gramu 200 hadi 400 kwa bomba la lita 20. Koroga kwenye maji kwanza mpaka iyeyuke, chuja kwa kitambaa, ndipo utie glaifoseti. Ukitanguliza dawa, chokaa imekwisha ikamata. Na isiwe CAN! Hiyo yenyewe ina chokaa.

Jambo la pili ni jani. Jani la nyasi limesimama, tena lina nta. Tone linateleza na kuanguka. Viko visaidizi vya kulifanya tone litandae na kunata. Glaifoseti nyingi zimetiwa kisaidizi kiwandani, usiongeze ovyo. Lakini zile za kuua nyasi katikati ya maharage, nyingi hutaka mafuta yake maalum. Utajuaje? Soma karatasi ya chupa, hata yale maandishi madogo. Kusoma si tumejifunza? Sabuni ya unga acha nyumbani.

Glaifoseti haichagui, huua na mahindi. Piga kabla ya kupanda, sangari ikiwa mbichi yenye majani mengi.

Haya, S.A. ninayo hapa, na mizani. Nani ana maji ya kisimani kwake tuyajaribu kwa sabuni?