UONGOZI WA CHUONI NA UONGOZI WA KIJIJI: MFANO WA KIGOMBE
(Maelezo kwa wanachuo wa fani ya uongozi)



Chuo cha Kivukoni kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, wengi wa waliopokewa walikuwa watu wazima waliokwisha kufanya kazi na kubeba dhamana. Mwaka 2005 chuo hicho kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, chenye tawi lake Bububu, Unguja. Siku hizi anayejiunga aghalabu ni kijana aliyetoka skuli, ambaye hajapata kuongoza hata kikao cha ushirika. Hapana aibu katika hilo, ila somo lake halina budi kutafutiwa mahali pa kulipimia.

Mahali pamoja ni Kigombe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza, baina ya Tanga na Pangani. Mwanachuo wa Visiwani ataona tofauti tangu mwanzo: sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, ilhali mwenyekiti wa kijiji Bara huchaguliwa kwa kura. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na juu yake Mkutano Mkuu, ambao ni wa kila mkaazi aliyetimiza miaka 18.

Mpango wa kuhifadhi na kuendeleza Pwani ya Tanga ulipoanza mwaka 1994, Kigombe kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Uvuvi wa baruti ulikuwa umekatazwa kisheria tangu mwaka 1970, na miripuko haikukoma. Amri ilikuwapo, kilichokosekana ni watu wa kuiona kuwa ni yao. Kwa hiyo wanakijiji walitakiwa kwanza wayataje wenyewe matatizo yao na sababu zake, ndipo zikaundwa kamati na kupangwa doria. Baadaye Kigombe na vijiji jirani viliingia katika eneo moja la usimamizi lililoitwa Mtang'ata, na baadhi ya miamba ikafungwa ili samaki wapate kuzaana.

Hapa ndipo mwanachuo anapostahili kukaa kitako. Mwamba ukifungwa, mwenye chombo na mashine huenda mbali zaidi. Mwanamke anayetembea kwa miguu maji yakitoka, kutafuta pweza na kombe, hana pa kwenda. Na katika siku za mwanzo za mpango ule, wanawake walikuwa wachache mno vikaoni. Wale walioguswa mno na uamuzi ndio waliosikika kidogo. Ilibidi jitihada makhsusi ifanywe ili waingie katika kamati, nao wakaongezeka. Kitabu cha uongozi hulitaja jambo hili kwa neno moja, "ushirikishwaji", kisha hupita.

Wala ushindi haukuwa wa kudumu. Baruti ilipungua mwishoni mwa miaka ya 1990 doria zilipotiliwa nguvu, ikarudi katika miaka ya 2000, na mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga. Kiongozi wa kijiji akawa na mshirika mpya mwenye sheria, maafisa na mipaka yake, na baadhi ya maamuzi yaliyokuwa ya mkutano wa kijiji yakahitaji mashauriano zaidi.

Lipo pia suala la dago, ambalo ndugu wa Pemba wanalijua vyema. Mvuvi mgeni hufuata samaki na upepo, hupiga kambi pwani ya wenyewe kwa muda, kisha huondoka. Kanuni ya mwamba uliofungwa humbana kama inavyombana mwenyeji, bali kura ya kumchagua mwenyekiti hana. Nani amsemee, na kwa njia gani, ni swali linalofaa utafiti wa mwanachuo yeyote.

Atakayekwenda huko aanze kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa kijiji, awasikilize wanawake mbali na wanaume, na asiitishe mkutano siku za bamvua wakati maji yametoka, kwani wakati huo watu wake wako mwambani.